Mwanangu ni rubani Marekani, na ndege yake inatengenezwa na mkandarasi. Hofu yake ni ya kweli?

Swali la msomaji, Tanga: Shikamoo mzee. Mwanangu wa pili ni rubani msaidizi katika shirika dogo la ndege huko Marekani, lile linalorusha abiria kwa jina la shirika kubwa. Ananiambia ndege zao usiku zinashughulikiwa na kampuni ya mkataba, si mafundi wa shirika lenyewe, na marubani wenzake hawana imani nayo. Je, hofu hiyo ina msingi, au ni maneno ya chama cha wafanyakazi? Na nikienda kumtembelea, nipande ndege anayorusha?

Jibu:

Marahaba mama. Nianze na hilo la chama, kwa sababu watu wengi hulisikia hilo kwanza kisha hawasikilizi tena. Kazi ikienda kwa mkandarasi, anayepoteza ajira ni fundi wa shirika. Rubani hapotezi kitu mfukoni. Mshahara wake ni uleule, saa zake za kuruka ni zilezile. Kwa hiyo rubani akilalamika juu ya ufundi wa mkataba, mpe sikio. Anachopoteza yeye ni kumjua aliyeshika spana.

Nimefanya kazi ya fundi wa ndege mwenye leseni kwa zaidi ya miaka 30, na nimeona mabadiliko hayo kwa macho yangu. Wakati naanza, rubani akitua na hitilafu alishuka ngazi akanikuta chini. Aliniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, ule mtetemo unaanza kwa mwendo gani, unakuja baada ya kukunja magurudumu au kabla. Mambo hayo hayaandikiki yote. Kesho yake akirudi ananiuliza, "Ile pampu ya jana vipi?" na mimi ninamjibu nikimtazama usoni. Leo rubani anaingia chumba chake alfajiri anakuta daftari la ndege, ndani yake kuna mstari mmoja, namba ya leseni na sahihi. Aliyetia sahihi yuko mji mwingine, pengine nchi nyingine, na zamu yake imeisha.

Watu hudhani rubani anaikagua ndege. Anaizunguka kwa miguu, ni kweli. Anaangalia matairi, anatazama kama kuna mafuta yanayovuja, anahakikisha matundu ya kupimia hewa hayakuzibwa. Lakini hawezi kufungua bawa. Hawezi kuona nati iliyo nyuma ya paneli yenye skrubu 40. Sehemu kubwa ya ndege anaipokea kwa maandishi tu, kwa kuamini kwamba kila aliyeandika "imefanyika" alifanya. Yeye naye anatia sahihi juu ya sahihi hizo, kisha anapaa na roho za watu.

Na kazi yenyewe imehama kwelikweli. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani alitoa ripoti mwaka 2008 iliyoangalia mashirika tisa makubwa ya nchi hiyo. Mwaka 2003 mashirika hayo yalikuwa yakipeleka nje asilimia 34 ya ukaguzi mzito, ule wa kuvua ndege nguo zote mpaka mbavu zionekane. Kufikia 2007 ilikuwa asilimia 71. Ndege za Marekani zinafunguliwa El Salvador, Meksiko, Singapore, China, kwa sababu saa moja ya fundi huko ni nafuu. Na jambo ambalo abiria wengi hawalijui: katika karakana ya mkataba iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, si kila anayeshika spana analazimika kuwa na leseni. Leseni inadaiwa kwa msimamizi na kwa yule anayetia sahihi ya kurudisha ndege kazini. Karakana ikiwa nje ya Marekani, hata hao hawalazimiki kuwa na leseni ya Kimarekani.

Sasa nisikupotoshe. Mkandarasi si jina lingine la mzembe. Nimepita karakana za mkataba zilizo safi kuliko jikoni za watu, zenye mafundi walioifanya kazi moja mara mia wakati fundi wa shirika ameifanya mara mbili. Hapa kwetu Afrika mashirika mengi yanapeleka ndege Addis Ababa kwa Waethiopia, nayo inarudi imetengenezwa sawasawa. Shirika lenye ndege nne haliwezi kujenga karakana ya ukaguzi mzito. Na makosa makubwa yametokea pia mikononi mwa mafundi wa ndani. Juni 1990 ndege ya British Airways ilifumuka kioo cha mbele angani, kapteni akavutwa nusu ya mwili nje, wenzake wakamshikilia miguu mpaka wakatua Southampton, na akapona. Kioo kilikuwa kimefungwa na msimamizi wa shirika lenyewe, usiku, kwa bolti 90, na 84 kati yake zilikuwa nyembamba kuliko zinavyotakiwa. Ndege ya Alaska Airlines iliyoanguka baharini karibu na California Januari 2000 na kuua watu 88 ilikuwa na parafujo kubwa ya mkiani ambayo nati yake ililika nyuzi kwa kukosa grisi. Nayo ilitunzwa na shirika lake.

Kwa hiyo hofu ya marubani, ukiwasikiliza vizuri, haihusu jina lililoandikwa kwenye ovaroli. Inahusu ni macho ya nani yanamtazama yule aliyevaa ovaroli. Nikupe kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu shirika lenyewe lilikuwa kama la mwanao: dogo, likirusha chini ya jina la kubwa.

Usiku wa tarehe 6 Januari 2003, huko Huntington, West Virginia, ndege ya Air Midwest aina ya Beech 1900D iliingizwa kwa ukaguzi wa kawaida. Shirika lilikuwa limempa mkandarasi kazi hiyo. Mkandarasi alileta msimamizi na wakaguzi, na mafundi wenyewe akawachukua kwa kampuni ya tatu. Fundi akapima waya zinazovuta elevata, kile kibawa cha mkiani kinachoinua na kushusha pua ya ndege, akakuta zimelegea. Ikabidi azikaze. Alikuwa hajawahi kufanya kazi hiyo kwenye ndege ya aina ile, ndiyo kwanza anafundishwa. Aliyekuwa anamfundisha ni mkaguzi.

Hapo mama nisimame kidogo. Katika ufundi wetu mkaguzi ni jicho la pili. Hakufanya kazi, hajachoka nayo, hana cha kutetea, ndiyo maana anaweza kuona kosa. Akiwa mwalimu wa kazi ileile, jicho la pili limekufa, limebaki moja lenye sahihi mbili. Kitabu cha mtengenezaji kilikuwa na hatua nyingi za kurekebisha zile waya. Wawili wale waliona baadhi hazihitajiki, wakaziruka. Mkaguzi akaridhika na kazi aliyoielekeza mwenyewe.

Matokeo yake elevata iliweza kuinua pua, ila kuishusha iliweza takriban nusu tu ya uwezo wake. Na ndege ikaruka hivyo hivyo. Ikaruka mara tisa bila tatizo. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kila nikikifikiria kisa hiki, kwamba mara tisa marubani walipaa na kutua na abiria wakashuka na mabegi yao. Ndege ikiwa na mzigo wa kawaida haihitaji kushusha pua kwa nguvu zote.

Asubuhi ya tarehe 8 Januari, pale Charlotte, North Carolina, ilijaa viti vyote 19 na mizigo ikapakiwa nyuma. Uzito ulikadiriwa kwa wastani wa vitabu, na wastani ule ulikuwa wa zamani, watu walikwishanenepa. Mkia ukawa mzito. Ilipoacha ardhi pua ikaanza kupanda, kapteni akasukuma usukani mbele, na mbele hakukuwa na kitu. Sekunde 37 baada ya kuanza kupaa ilianguka ubavuni mwa karakana ya ndege palepale uwanjani. Watu 21 wote walikufa. Kapteni alikuwa msichana wa miaka 25.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, haikuishia kwa fundi. Iliandika kwamba shirika halikusimamia kazi iliyofanywa kwa niaba yake pale Huntington, kwamba mkaguzi wa mkandarasi hakuona kosa, na kwamba FAA nayo haikulisimamia shirika inavyopasa. Ukiusoma mnyororo huo kuanzia juu, kila mmoja alimwachia wa chini yake akiamini karatasi. Sheria ya Marekani inasema wazi kuwa shirika ndilo linalowajibika kwa ndege yake hata likimpa mtu mwingine kazi. Lakini uwajibikaji wa kwenye sheria haumulikii tochi chini ya bawa saa nane za usiku.

Miaka saba kabla ya hapo, Mei 1996, ndege ya shirika la ValuJet, safari namba 592, ilikuwa imeonyesha upande mwingine wa jambo hilihili. Mkandarasi SabreTech, pale Miami, alitoa vyombo vya kemikali vinavyozalisha oksijeni kwenye ndege nyingine za ValuJet. Kadi ya kazi ilitaka kila kimoja kifungwe kifuniko cha plastiki cha kuzuia kisijilipue. Vifuniko havikuwepo karakanani. Kadi ikatiwa sahihi. Vyombo vikatiwa kwenye maboksi, vikaandikwa kuwa ni vitupu, vikapakiwa kwenye ndege ya abiria pamoja na matairi. Moto ukawaka ndani ya tumbo la ndege na watu 110 wakazama kwenye kinamasi cha Everglades. Vifuniko vya senti chache. Baada ya hapo SabreTech ilishtakiwa kwa jinai, na FAA ikalazimisha vyumba vya mizigo vya aina ile viwekewe vitambua moshi na vizima moto.

Kwa nini fundi anatia sahihi kazi ambayo hakuimaliza? Sipendi kujibu swali hili kwa mbali, kwa hiyo nitasema niliyoyaona. Mwaka mmoja, karakanani nilipokuwa, tuliletewa vijana wa kibarua kwa ukaguzi mzito. Walilipwa kwa siku, na kazi yao ilikuwa inakwisha siku ndege ikitoka. Alfajiri moja wakati wa kuhesabu zana, ubao wa zana, uliochorwa umbo la kila zana, ulikuwa na kivuli kimoja kitupu: ncha ya bisibisi, ndogo kama jino la mtoto. Nikauliza. Wote kimya. Tukafungua tena paneli sita, na tuliikuta ndani ya bawa, sentimita chache kutoka kwenye roda inayopitisha waya za usukani. Kijana aliyeidondosha nilimjua baadaye, alikuja mwenyewe kwangu akilia. Alijua tangu saa tano usiku. Mwenzake wiki iliyotangulia alisema amekosea kitu, akaambiwa kesho asirudi.

Yule kijana alikuwa fundi mzuri. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya wengi wenye leseni. Mimi mwenye ajira ya kudumu ningeweza kusema "nimedondosha" na kikubwa kitakachonipata ni kununiwa. Yeye ukweli ule ulikuwa unamgharimu chakula cha watoto. Tangu siku ile nikiingia karakana ya mkataba siangalii kwanza vyeti vya ukutani. Namuuliza fundi wa chini kabisa: ukikosea hapa, nini kinakupata? Akinijibu haraka, najua niko mahali salama. Akimtazama msimamizi kwanza, namwambia mwenye ndege yangu tukae usiku kucha.

Jambo jingine ni kwamba kosa la karakana linaweza kulala muda mrefu. Oktoba 2019 ndege ya PenAir ilipitiliza njia ya kutua kule Unalaska, Alaska, na abiria mmoja akafa. Waya za vipima mwendo wa magurudumu, vinavyoongoza breki, zilikuwa zimepishanishwa wakati mguu wa ndege ulipofanyiwa matengenezo makubwa kwa mtengenezaji wake, zaidi ya miaka miwili kabla. Muda wote huo hakuna aliyejua.

Sasa afanye nini mwanao? Yeye ni wa kiti cha kulia, kapteni ndiye mwenye uamuzi wa mwisho wa kuikataa ndege. Lakini ana mambo yake.

La kwanza na kubwa ni kalamu. Marubani wengi wakiona hitilafu huandika maneno matatu, "redio ya pili mbovu", kisha fundi wa mkataba anawasha redio chini, inaongea, anaandika "imejaribiwa, nzuri", na ndege inarudi hewani na ugonjwa wake. Huo ndio mchezo marubani wanaoulalamikia sana, na nusu ya dawa iko mikononi mwao. Aandike kama anavyomweleza daktari: urefu gani wa anga, baridi kiasi gani, kitu gani kilikuwa kimewashwa, kilidumu dakika ngapi, kiliacha chenyewe au kwa kuzimwa. Fundi asiyemjua hana kingine cha kusikia ila maandishi hayo. Na kila anapopokea ndege arudi nyuma kurasa za siku kadhaa. Hitilafu moja ikijibiwa "nzuri" mara tatu, isiitwe nzuri, amwonyeshe kapteni kabla mlango haujafungwa.

La pili, ajue ndege imelala wapi na imefunguliwa nini. Ikiwa imetoka kwenye ukaguzi ulioigusa mifumo ya usukani, ile hatua ya kusogeza usukani kabla ya kuruka asiifanye kwa mazoea. Novemba 2018 Embraer 190 ya Air Astana ilitoka kwenye ukaguzi mzito katika karakana ya mkataba ya Alverca, Ureno, ikiwa na marubani na mafundi, jumla watu sita. Waya za vibawa vya pembeni, vile vinavyoilaza ndege kushoto na kulia, zilikuwa zimefungwa kinyume. Ndege yenyewe ilikuwa imetoa onyo kwenye skrini siku kadhaa kabla, mafundi wakahangaika nalo bila kupata chanzo. Katika kujaribu usukani kabla ya kuruka, hakuna aliyeona kuwa kibawa kinakwenda upande usio wake. Walipoingia mawinguni ndege ikawa haishikiki, kushoto inakwenda kulia, wakafika hadi kuomba waelekezwe baharini wakatue majini. Ndege za kivita za Ureno zikawasindikiza mpaka Beja, wakatua kwa jaribio la tatu, wote wazima. Mwanao asiishie kuona kwamba kibawa kinacheza. Aangalie kinacheza upande gani.

La tatu, asikae na shaka moyoni. Marekani kuna mfumo wa ripoti za siri unaoendeshwa na NASA tangu 1976, unaopokea maelezo ya marubani na ya mafundi pia, na jina la mwandishi linaondolewa. Akiripoti ndani ya siku kumi kosa ambalo hakulikusudia, kwa kawaida FAA haimpi adhabu kwa hilo. Na kuna sheria ya mwaka 2000 inayomlinda mfanyakazi wa shirika la ndege, pamoja na wa mkandarasi wake, asifukuzwe kwa kusema juu ya usalama. Akionewa ana siku 90 za kulalamika Wizara ya Kazi. Awaambie na wale mafundi wa usiku kwamba sheria hiyo ni yao pia, wengi hawaijui.

Na akiweza, alale dakika kumi pungufu, ashuke awaone. Apeleke kahawa. Si rushwa, ni kujuana. Fundi aliyeiona sura ya rubani, akasikia kwamba mama yake yuko Tanga, saa tisa za usiku akifika kwenye hatua ya kumi na mbili ya kitabu ataikumbuka sura hiyo.

Umeniuliza upande ndege yake. Panda, mama. Kati ya ajali ya Februari 2009 na ile ya Januari 2025 Marekani haikupata ajali nyingine ya ndege ya abiria ya shirika lake iliyoua watu wengi, na ajali hizo mbili hazikutokana na ufundi. Katika miaka hiyohiyo sehemu kubwa ya kazi nzito ilikuwa mikononi mwa wakandarasi, kwa hiyo mafundi wengi, usiku mwingi, waliifuata ile hatua ya kumi na mbili. Kaa karibu na dirisha upande wa bawa. Kabla hamjaondoka utaona vibawa vinainuka na kushuka, kimoja juu kingine chini. Huyo ni mwanao, anaangalia.